Una mtoto, huna kibali, na Uhamiaji wamekufikia: la kufanya ukiwa Mombasa

Ijumaa jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote. Katiba ya Kenya inataka mtu aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, anangoja hadi siku ya korti inayofuata. Kwa hivyo mama aliyeshikwa Kongowea Ijumaa saa kumi na moja jioni huenda asimwone hakimu hadi Jumatatu. Huku nyuma mtoto wake yuko madrasa, juzuu kwapani, anangoja kuchukuliwa.

Mtoto huyo nilimchukua mimi, na nduguye pia. Mama yake ni jirani yangu, Mtanzania wa upande wa Tanga, aliyeolewa hapa, akazaa hapa, akaachwa hapa. Nilipoingia chumbani mwao kutafuta nguo za kulalia nilikuta beseni la mbaazi zimerowekwa, za kupikwa alfajiri. Sote mtaani tulijua siku hiyo inaweza kuja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amejipanga. Mbaazi zile nilizipika, binti yangu akakaa nazo pale pale anapouza mama yule, na pesa zilizopatikana zikawa za kwanza kwenye mchango wa wakili.

Nayaandika haya kwa mzazi mgeni anayelea peke yake, wa kike au wa kiume, na kwa majirani zake. Mimi si wakili. Nimepanda na kushuka ngazi za korti na mwenzangu mpaka nikajua wapi tulikosea na wapi tulipatia. Tulipokosea ni kudhani kwamba kazi ya jirani ni kutoa pole na kuleta chakula. Jirani anaweza kuwa shahidi, mdhamini na mlezi wa muda, na neno lake mbele ya hakimu lina uzito likisemwa mapema na likisemwa vizuri.

1. Jua umesimama wapi

"Sina makaratasi" haitoshi. Watu wawili wanaosema hivyo wanaweza kuwa na hali mbili tofauti kabisa kisheria. Kaa chini na mtu unayemwamini, ujiulize haya moja baada ya jingine.

Uliingia kwa muhuri? Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa pasi ya hadi miezi 6 bila malipo. Wengi wanaopitia mpaka wa Lunga Lunga huwa nayo, kisha miezi inapita, mtoto anaugua, nauli inakosekana, muhuri unakwisha. Huyo aliingia kihalali akapitiliza muda. Hayuko sawa na aliyevuka kwa njia za panya, na wakili atamtetea kwa namna nyingine.

Umeolewa na Mkenya? Kifungu cha 15 cha Katiba kinampa haki ya kuandikishwa kuwa raia, akiomba, aliyekuwa kwenye ndoa na Mkenya kwa angalau miaka 7. Lakini ndoa hiyo iwe na cheti. Nikaha iliyosomwa sebuleni mbele ya mashahidi ni ndoa, hilo halina ubishi, ila maafisa wataitaka karatasi. Kama haikuandikishwa, nenda ofisi ya Kadhi na mashahidi wako wakiwa hai na wakiwa bado mjini. Mjane naye ana kifungu chake katika sheria ya uraia, na wengi hawajui. Aliyepewa talaka kabla ya miaka 7, njia hii kwake imefungwa. Nalisema wazi kwa sababu nimeona watu wakilipa mabroka ili "wafunguliwe faili ya ndoa" ambayo haiwezi kufunguka.

Ulikimbia vita au mateso? Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini. Ombi hufanywa kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na sheria inataka ulifanye ndani ya siku 30 tangu kuingia. Kama zimepita, nenda hivyo hivyo ueleze kilichokuchelewesha. Ukishikwa, liseme jambo hili la kwanza kabisa, hata kabla ya jina la baba yako. Na usiende ubalozi wa nchi uliyoikimbia kuomba msaada.

Au je, wazazi wako walikuja pwani hii zamani, nawe hujui kwingine? Wamakonde walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, na serikali ikawatambua. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023. Kama wewe ni wa damu hiyo, shida yako si kibali. Ni kutambuliwa, na hiyo ni njia nyingine kabisa. Usikubali kuandikwa mgeni kwa sababu tu afisa hakuuliza.

Sasa mtoto. Hapa ndipo nimesikia makosa mengi, ya pande zote mbili. Wapo wanaoamini kwamba mtoto akizaliwa Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara, basi ni Mkenya. Sivyo. Wapo pia wanaoamini kwamba mama akiwa mgeni, watoto nao ni wageni. Hivyo pia sivyo. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtoto ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba au mama yake alikuwa raia wa Kenya. Mtoto wa baba Mkenya ni Mkenya, hata kama baba ametoroka, hata kama hatumi senti tano.

Jambo hili lina nguvu, ila lisikudanganye: mtoto kuwa Mkenya hakumpi mama kibali moja kwa moja. Anachopata ni hoja. Kifungu cha 53 kinataka maslahi ya mtoto yawe ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na kinampa haki ya kulelewa na wazazi wake. Wakili akiwa na hoja hiyo pamoja na ushahidi mkononi, atasikilizwa. Bila ushahidi yanabaki maneno.

2. Ndoo ya makaratasi

Bahasha ya kaki chini ya godoro huloa masika yanapoanza, hasa kwenye nyumba za mabati. Tumia ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia, ile yenye mfuniko wa kubana. Ioshe kwa maji moto, ikauke vizuri, uiweke mahali ambapo jirani mmoja anapajua.

Ndani yake iwemo pasipoti, hata iliyokwisha muda, kwa sababu ukurasa wenye muhuri wa kuingilia una thamani yake. Kiwemo cheti cha ndoa, na cheti cha talaka kama ipo. Iwemo kopi ya kitambulisho cha baba wa mtoto. Kama huna, andika jina lake kamili, la babake, na kwao ni wapi. Yawemo pia makaratasi yanayoonyesha maisha: risiti za kodi ya nyumba, za karo, daftari la chama, jumbe za M-Pesa zilizopigwa chapa saibani. Watu huzidharau risiti hizi. Kwetu risiti za kodi za miaka minne, kila moja na sahihi ya mwenye ploti, ndizo zilizomwonyesha hakimu kwamba huyu mama ana makao.

Lakini karatasi kubwa kuliko zote ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina la baba. Uzazi unapaswa kuandikishwa ndani ya miezi 6. Baada ya hapo ni uandikishaji uliochelewa, wenye maswali zaidi na makaratasi zaidi, lakini unawezekana. Anza na taarifa ya kuzaliwa uliyopewa hospitalini na kitabu cha kliniki. Kama hukuwa na ndoa na ukaambiwa jina la baba haliwezi kuandikwa, jua kwamba mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu kilichowazuia akina mama kama wewe kinakwenda kinyume na Katiba. Litaje hilo kwa adabu dirishani. Ukikataliwa, omba jibu kwa maandishi.

Toa kopi za kila kitu mara mbili. Seti moja kwa jirani, nyingine piga picha uzitume kwenye simu ya mtu aliye nje ya Mombasa.

Usinunue kitambulisho. Najua bei zinazotajwa na najua nani hutajwa kuwa ana njia. Kitambulisho cha uongo hugeuza kosa la kupitiliza muda kuwa kosa la kughushi, na siku njia ya halali itakapofunguka, jina lile la uongo litakungoja mlangoni.

3. Nani atamchukua mtoto

Fanya hili leo, kabla ya yale mengine kumalizika. Chagua watu wawili, si mmoja, wenye vitambulisho na wanaokaa karibu. Uwaulize ana kwa ana: "Dada, nikishikwa, utamchukua mwanangu?" Jibu la kunong'ona halitoshi. Liwe ndiyo au la, na aliyesema la asichukiwe.

Kisha andika barua fupi kwa mkono wako: jina lako, majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa, jina na nambari ya kitambulisho ya atakayewachukua, dawa wanazotumia, nani haruhusiwi kuwachukua. Weka sahihi, mashahidi wawili nao waweke zao. Barua kama hii haimfanyi jirani kuwa mlezi wa kisheria, hilo ni la korti ya watoto, lakini inamwonyesha mwalimu mkuu, ustadhi na afisa wa watoto kwamba mzazi alipanga. Mtoto asiyekuwa na wa kumpokea hupelekwa kwenye makao ya watoto, na kumtoa huko ni safari ndefu kuliko kumzuia asipelekwe. Pelekeni kopi shuleni na madrasa. Nambari 116 ni ya bure, ya kusaidia watoto, na jirani anaweza kuipiga saa yoyote akikwama.

Kwa anayenyonyesha au mwenye mtoto mdogo: sheria inaruhusu mtoto wa chini ya miaka 4 kukaa na mama yake kizuizini. Pale Shimo la Tewa upande wa wanawake wapo watoto wa namna hiyo. Amua mwenyewe mapema kama utamtaka awe nawe au abaki na dada yako, usiamuliwe na mtu mwingine usiku wa manane.

Mtoto mkubwa mwambie ukweli kwa kadiri ya umri wake, na umfundishe nambari moja ya simu kwa moyo. Yule wa jirani yangu, usiku ule wa kwanza, aliuliza swali moja tu: "Mama amekula?" Alikuwa anajua mama yake yuko wapi. Mtoto akijua, halali usingizi wa kushtuka.

4. Sema, lakini si kwa kila mtu

Aibu ndiyo inayowaangusha watu wetu. Mama atakaa miaka 5 akiuza mahamri barazani, kila mtu anamwita kwa jina la mwanawe, na hakuna anayejua kwamba muhuri wake ulikwisha. Siku akishikwa majirani wanashangaa, na mshangao hausaidii kitu kortini.

Anza na watatu. Mmoja awe mtu wa dini anayekujua kwa matendo: imamu wa msikiti wa mtaa, ustadhi wa watoto, mchungaji au mama mkuu wa jumuiya. Wa pili awe mwenye nyumba au mwenye duka, mtu wa daftari na tarehe. Wa tatu awe mwanamke mwenzio anayeweza kuacha shughuli zake siku nzima akaenda kituo cha polisi. Mzee wa mtaa anafuata, kwa sababu barua yake na ya chifu zitahitajika, lakini mwendee ukiwa na mmoja wa hao watatu. Usiende peke yako.

Usiweke habari zako kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kundi la watu mia mbili halina siri. Na picha ya mtoto isisambazwe kamwe, hata kwa nia njema ya kuomba msaada.

Majirani nao huogopa, na wana haki ya kuuliza: je, nikimsaidia nitashtakiwa? Kumficha mtu anayetafutwa ni kosa, na kumwajiri asiye na kibali pia ni kosa. Kumsindikiza kortini, kumtafutia wakili, kumwandikia barua ya kweli na kumlelea mtoto si kosa. Msaada wote ufanyike waziwazi, mchana, kwa majina na sahihi. Msaada wa kificho ndio unaoleta shida.

5. Saa ya kukamatwa

Usikimbie, usivutane. Uliza ni kina nani na unapelekwa kituo gani. Sema kwa sauti jirani asikie: "Nina mtoto, yuko mahali fulani, anachukuliwa na fulani." Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Usitoe hongo: bondi ya polisi ni bure, na dhamana ya pesa taslimu ina risiti. Pesa isiyo na risiti si dhamana.

Jirani aliyepewa kazi hiyo aende kituoni siku ile ile, hata usiku. Aulize nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, na aiandike. Apeleke leso, maji, sodo, na dawa za mgonjwa zikiwa kwenye pakiti zake. Apeleke kopi za makaratasi, asipeleke asili. Aulize kwa upole kesi itasomwa korti gani, kwa sababu Mombasa si korti moja: anaweza kupelekwa mjini au Shanzu, na sisi tulipoteza asubuhi nzima kwenye benchi la korti ambayo si yake.

Tanzania ina ubalozi mdogo hapa Mombasa. Raia wa nchi yoyote aliyeshikwa ugenini ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe, chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963. Kwa asiye mkimbizi, itumie haki hiyo. Ubalozi unaweza kutoa hati ya safari haraka ikiwa pasipoti imepotea.

6. Mbele ya hakimu

Kosa la kuwa nchini bila kibali, kwa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, lina faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Utasomewa mashtaka na kuulizwa: ni kweli au si kweli?

Nikuombe usilijibu swali hilo kwa uchovu. Mtu aliyelala seli siku tatu, anayemuwaza mtoto, husema "ni kweli" ili yaishe. Yakiisha namna hiyo anaweza kuhukumiwa papo hapo na ikaagizwa arudishwe kwao akimaliza adhabu, kabla hajasema hata neno moja kuhusu mtoto. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa haki ya kuwa na wakili, na ya mkalimani bila malipo kama huielewi lugha ya korti. Sema: "Mheshimiwa, naomba muda nipate wakili. Nina mtoto ninayemlea peke yangu." Maneno hayo mawili yakiandikwa kwenye faili, yamekwisha kuandikwa.

Kisha inakuja dhamana, na hapa ndipo mtaa unapobeba au kuangusha. Upande wa mashtaka utasema mgeni hana makao, atatoroka. Mara nyingi hakimu huagiza ripoti ya afisa wa probesheni, naye hufika mtaani kuuliza. Sisi alitukuta asubuhi, amevaa kiraia, ana faili ya kijani. Alimuuliza muuza maji, akamuuliza mwenye ploti, akaniuliza mimi mama yule huamka saa ngapi. Nikamwambia saa tisa na nusu, kwa sababu ndiyo saa ninayosikia jiko lake la mkaa likikokotwa sakafuni. Akaandika. Watu wajue kwamba afisa huyo hakuja kuwatega. Wamjibu wanachokijua, na wasichokijua waseme hawakijui.

Barua za majirani zina ufundi wake, na nyingi nilizoziona hazifai. Barua ya kwanza tuliyopeleka ilisema: "Ni mama mwenye tabia njema na mchapakazi, tunaomba asamehewe." Barua kumi za namna hiyo zina uzito wa barua moja. Wakili aliturudisha tukaandike upya. Hii hapa ni ya mwenye duka, nimeondoa majina:

"Namfahamu tangu Machi 2016. Anakaa nyumba ya tatu kutoka dukani kwangu. Huchukua unga na mafuta kwa mkopo wa wiki na hulipa kila Jumamosi. Kopi za daftari langu nimeziambatisha. Ana watoto wawili, mkubwa yuko Gredi ya 4. Baba yao sijamwona mtaani tangu mwaka 2020. Sijui ndugu mwingine wa watoto hawa hapa Mombasa. Akipewa dhamana, nitahakikisha anafika kortini kila tarehe atakayoitwa. Kopi ya kitambulisho changu iko hapa."

Barua hii haina sifa hata moja, ila ina tarehe, mahali, daftari na ahadi. Mwalimu naye aandike ni nani huja mikutano ya wazazi. Muuguzi wa kliniki aandike nani humleta mtoto. Kila mtu aandike anachokiona kwa macho yake kutoka pale anaposimama, kwa maneno yake. Barua zinazofanana neno kwa neno huonekana zimenakiliwa, na zikishukiwa zote huanguka pamoja.

Siku ya korti njooni watu, mvae nguo za heshima, simu mzime. Hakimu akiuliza mdhamini ni nani, mtu asimame bila kusukumwa. Kwetu alisimama mzee mwenye duka, na kitambulisho chake mkononi kabla hajaulizwa.

7. Wakili na pesa

Msaada wa bure upo. Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa na wamefanya kazi hii tangu 1973. FIDA Kenya wapo kwa ajili ya wanawake na watoto, nao wanajua vizuri mambo ya baba aliyetelekeza. MUHURI na Haki Africa ni mashirika ya haki za binadamu ya hapa hapa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawagusa watoto, wakimbizi, wasio na utaifa na waathiriwa wa usafirishaji haramu wa watu, kwa hivyo hata pale mama mwenyewe hahesabiwi, mtoto wake anahesabiwa. Nendeni na ndoo. Wakili anayepewa makaratasi yaliyopangwa kwa tarehe hufanya kwa saa moja kazi ya siku mbili.

Kama amri ya kufukuzwa nchini imeshatolewa, au inakaribia, mwulizeni wakili kuhusu ombi la dharura Mahakama Kuu la kulinda haki za mtoto na mama, na agizo la kusimamisha hatua hiyo wakati ombi linasikilizwa. Kwa kifungu cha 22 cha Katiba, kufungua ombi la haki za kikatiba hakutozwi ada. Hili ni jambo la saa, halisubiri wiki.

Kwa mchango: watu watatu wausimamie, simu moja ipokee, daftari moja liandike, na kila Ijumaa baada ya Alasiri hesabu isomwe barazani. Andikeni pesa ni za nini: dhamana, nauli za mashahidi, chakula cha watoto. Mchango wa "kumsaidia mama fulani" usiokuwa na makadirio huzaa maneno, na maneno humfika yule mama akiwa bado kizuizini. Pesa za dhamana zikirudi, na hurudi kesi ikiisha kama mtu alifika kortini kila mara, semeni mapema zitaenda wapi.

8. Kama kuondoka hakuepukiki

Wakati mwingine hakuna njia ya kubaki kwa sasa, na wakili mkweli atawaambia. Hapo kuna kitu kimoja cha kupigania kwa nguvu zote: kuondoka mwenyewe badala ya kufukuzwa. Aliyeondolewa kwa amri ya kufukuzwa huwa mhamiaji aliyepigwa marufuku, na hawezi kurudi amri hiyo ikiwa bado ipo. Aliyeondoka kwa hiari bila amri hiyo anaweza kurudi kihalali. Kwa mama mwenye watoto Wakenya, tofauti hii ndiyo maisha yake yote.

Kabla ya safari, hakikisheni kila mtoto ana cheti, na kama anasafiri na mama yake ana hati yake mwenyewe ya kusafiria kama Mkenya, ili kesho asije akaitwa mgeni nchini mwake. Pia chukueni barua ya shule ya uhamisho na kitabu cha chanjo. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji huwasaidia baadhi ya watu wanaorudi kwa hiari. Ulizeni kabla hamjauza vyombo.

Jirani yangu hakufukuzwa. Wakili alielewana na upande wa mashtaka, kesi ikaondolewa, akapewa muda wa kutoka. Alivuka feri ya Likoni Jumanne asubuhi na begi moja, akashuka Lunga Lunga, akagongewa muhuri wa kutoka, akaenda kwao kufanya pasipoti mpya. Watoto walibaki nasi siku kumi na saba, zamu kwa zamu, na barua ile ya mkono ikiwa shuleni kwenye faili ya mwalimu mkuu. Alirudi kwa muhuri mpya wa miezi 6, na kibali cha kukaa muda mrefu zaidi bado kinafuatiliwa na wakili. Tarehe ya kwisha kwa muhuri tumeizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda mbili, ya kwake na ya kwangu, na duara jingine tumelichora mwezi mzima kabla yake.